Mzio wa chakula kwa mtoto: Mtafute mhusika, usimwage sufuria nzima

MAMA mmoja aliingia kliniki akiwa na binti yake wa miezi 14 mgongoni na karatasi ya daftari mkononi. Kwenye karatasi ile aliandika vyakula ambavyo mtoto haruhusiwi kula: maziwa, mayai, samaki, dagaa, karanga, maharage, soya, nyanya na machungwa.

Nikamuuliza, “Sasa mama, anakula nini?”

“Uji wa sembe na sukari, daktari. Mchana viazi. Vingine vyote vinamkataa.”

Tulimweka mtoto kwenye mizani, akawa na kilo 7.1. Mkanda wa kupima mzunguko wa mkono ulisoma sentimita 12, sehemu ya rangi ya njano. Mtoto alikuwa na utapiamlo, na nyumbani kwao chakula hakikukosekana. Baba ana kazi, bibi anafuga kuku, na soko liko jirani. Mtoto alidhoofika kwa sababu watu wanaompenda walikuwa wanamlinda.

Nimeona watoto wengi wa aina hii. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze, msomaji wangu, kuhusu mzio wa chakula, ambao wengi tunauita aleji. Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwenye mzio wa chakula methali hii haifanyi kazi. Mara nyingi mwenye kosa ni mmoja, au wawili, na wengine wote wanaadhibiwa bure.

Orodha ilivyozaliwa

Nilimwomba mama anisimulie tangu mwanzo, bila haraka. Mtoto alipofika miezi saba alinunuliwa unga wa lishe sokoni, uliochanganywa mahindi, mchele, ulezi, soya na karanga. Mama akapika uji, akaongeza maziwa ili uwe na nguvu zaidi. Dakika kama 20 baada ya kula, mtoto alitoka mabaka yaliyovimba mwili mzima, na midomo ikavimba. Duka la dawa wakampa dawa ya maji, mabaka yakaisha jioni.

Jirani akasema ni maziwa. Shangazi akasema mayai nayo yaondolewe kwa tahadhari. Miezi miwili baadaye, kipindi cha joto kali, mtoto akatoka vipele vidogo shingoni na kifuani, samaki na dagaa wakaondolewa. Siku nyingine akawa mwekundu kuzunguka mdomo baada ya kula nyanya, nayo ikafutwa. Mwisho akapelekwa kwa mtu mwenye mashine inayodaiwa kupima mwili mzima kwa kushika kipande cha chuma. Mashine ikaongeza maharage, soya na machungwa.

Kila chakula kilitoka, hakuna kilichorudi. Katika vyakula tisa vya karatasi ile, chenye kosa kilikuwa kimoja tu. Nitakitaja baadaye, kwa sababu nataka kwanza uone jinsi kinavyotafutwa.

Mzio ni nini, na si nini

Mzio wa chakula ni kosa la mfumo wa kinga. Askari wa mwili wanakutana na protini ya kawaida kabisa, ya yai au ya maziwa, wanaidhania ni adui na kuishambulia. Kemikali zinazomwagika katika mapambano hayo, mojawapo ikiitwa histamini, ndizo zinazoleta mabaka, uvimbe, kutapika na kubanwa kifua. Kwa kuwa ni kazi ya kinga, chakula kidogo sana kinaweza kuleta kishindo kikubwa.

Kutohimili chakula ni jambo jingine. Hapo kinga haihusiki. Tumbo linashindwa kukisaga chakula. Mfano unaofahamika zaidi ni laktosi, sukari iliyomo kwenye maziwa. Utumbo unahitaji kimeng'enya kiitwacho laktesi ili kuivunja. Kikipungua, sukari ile inachacha tumboni, mtoto anajaa gesi, anaharisha choo cha majimaji chenye harufu ya uchachu, na makalio yanababuka. Inasumbua, lakini haizibi koo la mtoto.

Kwa watoto wadogo hali hii mara nyingi ni ya muda. Mtoto akiharisha vibaya, utando wa utumbo unachubuka na kimeng'enya kinapungua. Utumbo ukipona baada ya wiki chache, maziwa yanasagwa tena. Kwa hiyo mtoto anayeharisha aendelee kunyonya, apewe ORS, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama atakavyoelekezwa kituoni. Asiachishwe ziwa kwa sababu ya kuharisha.

Watu wazima wengi katika bara letu nao wanapungukiwa kimeng'enya hiki kadiri wanavyokua, isipokuwa jamii nyingi za wafugaji, kama Wamasai, ambao wengi wao miili yao huendelea kukitengeneza ukubwani. Ndiyo maana tumbo la baba linaweza kunguruma kwa glasi ya maziwa, naye akaamua kuwa mtoto wa mwaka mmoja ana tatizo hilohilo. Si lazima iwe hivyo.

Tofauti hii ina maana kubwa jikoni. Mwenye shida ya laktosi mara nyingi anamudu mtindi, kwa sababu bakteria wameshakula sehemu ya sukari ile. Mwenye mzio wa maziwa haumudu, kwa sababu protini bado imo. Wala maziwa ya mbuzi si kimbilio lake: protini zake zinafanana sana na za ng'ombe, na watoto wengi wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe hudhurika na ya mbuzi pia.

Saa ya ukutani ni kipimo cha kwanza

Ukiniletea mtoto unayemshuku kuwa na mzio, swali langu la kwanza ni muda uliopita kati ya kula na kuumwa.

Mzio wa haraka huanza ndani ya dakika chache hadi saa mbili. Mtoto anatoka mabaka yanayowasha na kuvimba kama aliyeumwa na siafu, midomo au macho yanavimba, anatapika, anakohoa au kifua kinapiga filimbi. Akila tena chakula kilekile, hali inarudi.

Mzio wa polepole huchukua saa kadhaa hata siku. Mtoto mchanga anaweza kupata choo chenye ute na michirizi ya damu ilhali anaonekana mwenye afya. Mwingine anatapika mfululizo saa moja hadi nne baada ya kula, analegea na kubadilika rangi, kisha anapona kama hakuna kilichotokea. Huyu mara nyingi hutibiwa malaria au sumu ya chakula mara mbili tatu kabla ya mtu kuuliza alikula nini.

Kuna pia vinavyojifanya mzio. Vipele vidogo vya shingoni wakati wa joto ni harara. Vipele vinavyowasha usiku, katikati ya vidole na kwapani, huku dada na kaka nao wakijikuna, huenda ni upele. Wekundu kuzunguka mdomo baada ya nyanya, nanasi au machungwa mara nyingi ni asidi iliyochubua ngozi laini. Na kwa wenzangu wa pwani: jodari au nguru aliyekaa juani bila barafu hujijaza histamini, na anaweza kuwatoa mabaka watu wote waliokula sinia moja. Hapo kasoro iko kwenye uhifadhi wa samaki. Mtoto hana mzio.

Nami nimewahi kukosea. Mtoto wangu wa pili alitapika usiku baada ya kula yai kwa mara ya kwanza, akiwa na miezi minane. Kesho yake nyumba nzima tulikuwa tunatapika na kuharisha, dada wa kazi akiwemo, ambaye yai hakuligusa. Pamoja na shahada yangu ya udaktari, nilimnyima mtoto mayai karibu mwaka mzima. Hofu ya mzazi haisomi vitabu, kwa hiyo simlaumu mzazi yeyote anayeniletea orodha ndefu.

Washukiwa wa kawaida

Chakula chochote kinaweza kuleta mzio, lakini wachache ndio wanaosababisha mwingi: maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, korosho na jamii yake, samaki, kamba na kaa, ngano, soya na ufuta. Kwa watoto wachanga na wadogo, maziwa na mayai ndiyo yanayoongoza katika nchi nyingi, na watoto wengi huyazoea kadiri wanavyokua. Mzio wa karanga, korosho na samaki huwa mkaidi zaidi na unaweza kudumu hadi utu uzima.

Hapa ndipo unga wa lishe unapoleta shida. Siupingi, mchanganyiko wa nafaka na mikunde ni chakula kizuri. Lakini ukimpa mtoto wa miezi sita vyakula vitano, nane au kumi vipya katika kikombe kimoja, akidhurika hutajua ni kipi. Anza na unga wa aina moja. Ongeza kitu kimoja kipya, subiri siku mbili tatu, kisha ongeza kingine. Vyakula vyenye sifa ya kuleta mzio mpe asubuhi au mchana, siku ambayo mtoto hana homa, ili umwangalie akiwa macho. Baada ya hapo changanya upendavyo.

Wapo wazazi wanaodhani njia salama ni kuchelewesha karanga na mayai hadi mtoto afike miaka miwili au mitatu. Hata sisi madaktari katika nchi kadhaa tuliwahi kushauri hivyo. Utafiti uliotolewa mwaka 2015 kutoka London ulibadilisha mawazo. Watoto 640 wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai waligawanywa makundi mawili wakiwa na umri wa miezi minne hadi 11. Kundi moja lilikula karanga mara kwa mara, lingine likaziepuka. Walipofika miaka mitano, waliokuwa na mzio wa karanga katika kundi lililoepuka walikuwa asilimia 17 hivi, na katika kundi lililokula asilimia tatu hivi. Kumbe mwili wa mtoto hujifunza kukubali chakula kwa kukila mapema.

Kwa hiyo baada ya miezi sita ya maziwa ya mama pekee, mpe mtoto yai lililoiva vizuri, samaki aliyetolewa miiba, na karanga zilizosagwa laini ndani ya uji. Karanga nzima asipewe hata kidogo kabla ya miaka mitano. Hiyo inaweza kumpalia. Chagua karanga safi zisizo na ukungu ili kuepuka sumukuvu. Lakini kama mtoto ana pumu ya ngozi kali, au amewahi kudhurika na chakula, mwone daktari kabla ya kumpa karanga mara ya kwanza.

Na hiyo pumu ya ngozi itibiwe. Ngozi iliyopasuka ni mlango ambao chembe za chakula hupitia na kuichokoza kinga. Mpake mtoto mafuta ya mgando yasiyo na manukato mara kadhaa kwa siku, na tumia dawa uliyoandikiwa.

Namna ya kumtafuta mhusika

Anza na daftari. Andika tarehe, saa mtoto aliyokula, alichokula pamoja na viungo vyote, saa dalili zilipoanza, na zilikaa muda gani. Piga picha ya mabaka kwa simu, maana mara nyingi yanakuwa yamepotea mnapofika kituoni.

Daktari akishuku mzio wa haraka, anaweza kuomba kipimo cha ngozi au cha damu kinachotafuta kingamwili aina ya IgE. Vipimo hivi havipatikani kila mahali, na peke yake havitoi hukumu: mtoto anaweza kuonyesha alama kwenye kipimo na bado akala chakula hicho bila tatizo. Vinasaidia kuthibitisha simulizi ya mama. Vipimo vinavyotafuta kingamwili aina ya IgG kwa vyakula mia moja huonyesha kuwa mtoto amewahi kula vyakula hivyo, basi. Mashine ya kushika chuma haina uwezo wa kugundua mzio. Weka pesa yako mfukoni, ununue mayai.

Kwa mzio wa polepole, tunaondoa chakula kimoja kinachoshukiwa kwa wiki mbili hadi nne, kisha tunakirudisha. Hatua ya kurudisha ndiyo wengi wanairuka. Dalili zikiisha chakula kilipotoka na zikarudi kiliporudi, tumempata. Zisiporudi, chakula hicho hakina hatia. Angalizo: kama mtoto aliwahi kuvimba uso, kubanwa pumzi au kulegea baada ya chakula fulani, usikijaribu nyumbani. Jaribio hilo ni la hospitali, dawa zikiwa tayari.

Mama anayenyonyesha mtoto mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe asimwachishe. Baadhi ya akina mama hulazimika kuacha maziwa na vyenye maziwa kwenye mlo wao wenyewe, kwa ushauri wa daktari, na kufidia madini kwa dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maharage na mboga za majani. Mtoto anayetegemea maziwa ya kopo atahitaji ya aina maalumu, na hayo ni ghali; asibadilishiwe bila uhakika. Jifunze pia kusoma pakiti: maziwa huandikwa milk, lakini pia hujificha kwenye maneno casein na whey.

Jambo moja zaidi, kwa sababu nalisikia kliniki: mtoto mwenye mzio wa mayai anaruhusiwa kupata chanjo ya surua na rubela ya miezi tisa na ya miezi 18. Ni salama kwake. Chanjo ya homa ya manjano ndiyo inayohitaji ushauri wa daktari kwanza.

Siku ya hatari

Kila mzazi akariri dalili hizi. Baada ya kula, mtoto akiwa na sauti iliyokauka, ulimi uliovimba, mate yanayomshinda kumeza, pumzi ya shida au yenye filimbi, au akapauka, akalegea na kupoteza fahamu, huo ni mzio mkali unaoweza kuua ndani ya dakika chache. Hata mabaka yakiambatana na kutapika mfululizo, usisubiri.

Mkimbize kituo cha afya kilicho karibu zaidi, hata kama si kile mlichozoea. Mlangoni sema, “Amekula kitu fulani, ana mzio mkali.” Dawa inayookoa ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja. Dawa ya maji ya kuzuia mzio hupunguza kuwasha lakini haifungui koo lililovimba, kwa hiyo isiwe sababu ya kuchelewa. Njiani mlaze, kama anahangaika kupumua, mkalishe au mpakate ameegemea. Asisimamishwe wala kutembezwa. Na usimnyweshe maziwa “kuua sumu”. Hayasaidii mzio, yanaweza kumpalia, na huenda ndiyo yenyewe yaliyomdhuru.

Karatasi ya daftari

Turudi kwa yule binti. Nilipouliza zaidi, mama alikumbuka kuwa midomo ilivimba tena mara mbili, na zote mbili walikuwa kwa bibi. Bibi alikuwa amepika kisamvu cha karanga, akamwonjesha mjukuu kidogo. “Mwenyewe alisema kidogo hakidhuru,” mama akasema. Akakumbuka pia kwamba mtoto alishawahi kunywa kikombe cha chai ya maziwa cha kaka yake, wakamkuta amemaliza, na hakupata chochote.

Kipimo cha ngozi kilithibitisha: karanga. Maziwa na soya, vilivyokuwemo kwenye uji wa siku ya kwanza, tulimpa kliniki tukimwangalia, vikapita salama. Vingine vilirudi nyumbani kimoja kimoja kwa muda wa miezi miwili.

Kilichonitia hofu katika kisa hiki ni kwamba, pamoja na orodha yote ile, karanga ndiyo iliyokuwa inaendelea kumfikia mtoto. Watu wa nyumbani walichoka. Ukimwambia bibi vyakula tisa ni hatari, atakusikia mara ya kwanza, ya pili ataona ni mambo ya vijana wa siku hizi. Orodha ndefu inamnyima mtoto chakula, na wakati huohuo inamficha yule mmoja anayeweza kumuua.

Nilimwomba mama arudi na bibi. Walikuja wote, na bibi akakaa kimya nilipomweleza maana ya midomo kuvimba. Kisha akauliza swali bora kuliko yote niliyosikia wiki ile: “Mwiko wa karanga nikikorogea mboga yake, je?” Nikamjibu, hapana bibi, mtoto awe na mwiko wake na sufuria yake. Na kashata za sherehe watu waambiwe mapema.

Alipofika miezi 18 alikuwa na kilo 8.9 na mkanda ulisoma kijani. Mama alikuja na karatasi nyingine. Ilikuwa na neno moja, na chini yake namba ya bodaboda wa jirani anayeweza kuwafikisha kituo cha afya usiku.

Nawe, kama una orodha nyumbani, usiirefushe na usiichane. Ilete kliniki pamoja na mtoto na daftari, tuipunguze pamoja.